Misimbo Mikongwe na Uchujaji wa Viambatisho vya Barua Pepe

Historia ya maandishi haikukoma kwenye karatasi na wino. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi viambatisho vya barua pepe vilivyosimbwa hapo awali, na kwa nini misimbo hiyo ingali mtihani kwa wenye kuchuja barua.

Chanzo cha tatizo ni uchache wa alama. Msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, hutumia biti 7, yaani una nafasi 128 tu. Zilikitosha Kiingereza. Kiswahili nacho kilinusurika, kwa kuwa tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 haihitaji alama juu ya herufi. Ng' hutoshelezwa na ritifaa. Kikikuyu, chenye ĩ na ũ, hakikupata nafasi. Njia za barua pepe zilijengwa juu ya msingi huo, hivi kwamba faili yoyote ya biti 8, iwe picha au programu, haikuweza kupita salama.

Mwaka 1980 Mary Ann Horton, huko Berkeley, aliandika programu ya uuencode. Baiti 3, zenye jumla ya biti 24, hugawanywa katika mafungu 4 ya biti 6, na kila fungu hupewa alama moja ya ASCII. Kiambatisho hukaa ndani ya barua yenyewe, kikitanguliwa na mstari unaoanza kwa neno "begin" na kufungwa kwa "end". Mwezi Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha kanuni za MIME. Hizo zilichagua msimbo wa base64 na kuipa kila sehemu ya barua kichwa kinachotaja aina yake.

Hapo ndipo penye utata. Kichujio kisomacho vichwa vya MIME pekee hukichukulia kiambatisho cha uuencode kuwa maandishi ya kawaida na kukipitisha, ilhali programu ya mpokeaji, ikiujua msimbo huo, hukifungua pamoja na madhara yake. Kinyume chake pia kimetokea: sentensi ya kawaida iliyoanza kwa "begin" ilidhaniwa na programu fulani kuwa ni kiambatisho.

Baadhi ya wasimamizi huona heri kuzuia kila kilichosimbwa kikale. Dawa hiyo ni salama, lakini humnyima mtafiti anayetumiwa nyaraka za miaka ya 1980 zikiwa katika umbo lake la asili. Kwa maoni yetu, kichujio hakina budi kufasiri kwanza, kikague yaliyomo, ndipo kiamue. Kisichoweza kufasirika kiwekwe kando kingoje mjuzi, wala kisifutwe. Mhifadhi asiyejua hati za Kiarabu hana haki ya kuamua ni utenzi gani wa Kiswahili utupwe.