Bundi wa Ngezi ajulikanaye kwa mlio

Msuka, kaskazini mwa Pemba, ni mji wa kale. Kwenye kibla cha msikiti wake uliobaki magofu umechorwa mwaka 816 wa Hijria, sawa na takriban 1414 Miladia. Si mbali na hapo upo Msitu wa Ngezi, masalio ya msitu mkubwa uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Humo anaishi bundi mdogo asiyepatikana popote duniani nje ya Pemba.

Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1937, kwa kalamu ya R.H.W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar. Miaka mitatu baadaye Pakenham huyo huyo akamwandika ninga wa Pemba. Kilichokuwa kipya ni maandishi tu. Ndege wenyewe walikuwapo kabla ya msikiti.

Kumwona bundi huyu ni kazi. Mchana hujificha kwenye majani mazito, rangi yake ikilingana na magome. Usiku hujitangaza: "hu" moja fupi, kimya, kisha "hu" nyingine, pengine dume na jike wakapokezana. Kwa muda mrefu vitabu vilimhesabu kuwa aina ya bundi wa Madagaska. Lakini yule wa Madagaska hutoa milio kadhaa mfululizo, na tofauti hiyo ikawa moja ya hoja za kumtambua wa Pemba kuwa spishi ya peke yake. Jambo hilo si dogo. Ndege anayedhaniwa kuwa tawi la jamaa wa ng'ambo anaweza kutoweka huku wakubwa wakisema wengine wapo.



Sikio pia limesahihisha dhana kwamba bundi wa Pemba ni wa msituni pekee. Karne ya 19 miti mingi ilikatwa kupisha karafuu, na baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Bundi hakutoweka pamoja na msitu: analia pia mashambani, penye mikarafuu mikubwa yenye majani yaliyoshonana. Kwa hiyo atakayewahesabu Ngezi tu atakosa sehemu ya hesabu, na shamba kuukuu la mikarafuu likifyekwa, ndege naye hupoteza maskani.

Kuna kikwazo cha nyumbani. Pwani yote bundi huhesabiwa ndege wa uchuro, na akilia karibu na paa hufukuzwa. Sauti inayomwezesha mtafiti kujua yuko wapi ndiyo hiyo hiyo inayomchongea kwa jirani. Siku hizi, hata hivyo, wapo wageni wanaokwenda Ngezi usiku kumtafuta, wakiongozwa na watu wanaoufahamu mlio wake.