Ngozi ya Moshi na Jina Lililo Kwenye Kiatu

Kiatu cha mwanamke ni kitu kidogo, lakini historia yake ni ndefu. Ndani yake mna mchungaji na ng'ombe wake, mchunaji na kisu chake, fundi na kalibu yake, na mwisho kabisa mna jina lililopigwa chapa kwenye ngozi ya ndani, pale unyayo unapokanyaga. Thamani ya kiatu cha anasa hukaa zaidi katika jina hilo kuliko katika ngozi yenyewe. Ndiyo sababu yafaa kuuliza ni kwa nini mji wa Moshi, ulio chini ya mlima mashuhuri kuliko yote Afrika, umetoa ngozi na viatu kwa miaka mingi, na bado mwanamke wa Moshi anapotaka kiatu cha arusi hutafuta jina la ng'ambo.

Jibu moja hupatikana katika maisha ya mtu ambaye huenda hakuwahi kuusikia mji huo. Salvatore Ferragamo alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Bonito, kusini ya Italia, akiwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Wazee wake walikuwa wakulima mafukara, na kazi ya ushonaji viatu waliiona kuwa duni mno hata kwa mafukara. Mtoto hakujali. Inasimuliwa kwamba jozi yake ya kwanza aliishona usiku kucha akiwa na umri wa miaka tisa, ili dada yake asiende kanisani pekupeku siku ya Komunyo. Akiwa bado kijana alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi California, akawashonea viatu waigizaji wa filamu. Alipoona kwamba viatu vizuri huumiza miguu, alikwenda kusoma maumbile ya mwili wa binadamu, akajifunza jinsi uzito unavyobebwa na upinde wa unyayo. Mwaka 1927 alirejea Italia akafungua karakana mjini Florence, na mwaka 1933 akafilisika.

Hapa ndipo historia yake inapogusa Afrika Mashariki. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Mwezi uliofuata Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo vya biashara. Chuma bora kilichotumika kuimarisha upinde wa kiatu chenye kisigino kirefu kikawa adimu, na ngozi laini vilevile. Ferragamo akageukia gome jepesi la mti litengenezalo vizibo vya chupa, lililotoka kisiwa cha Sardinia. Alijaza nafasi yote baina ya kisigino na kidole, na kiatu kikasimama bila chuma. Umbo hilo lilienea duniani kote katika miaka michache. Baadaye akatumia katani, ukili, hata karatasi ing'aayo ya kufungia peremende. Mwaka 1938 alinunua kasri kongwe mjini Florence, na mwaka 1947 akatunukiwa tuzo huko Marekani kwa ndara iliyofungwa kwa nyuzi za nailoni zisizoonekana. Alifariki mwaka 1960, na mjane wake, Wanda, akaiendeleza kazi.

Waandishi wa mitindo huisimulia habari hii kama kisa cha akili kuishinda dhiki. Ni kweli, lakini dhiki hiyo ilikuwa na chanzo. Addis Ababa ilitekwa Mei 1936, baada ya vita ambamo gesi ya sumu ilimwagwa juu ya watu na mifugo yao. Kisigino kilichosifiwa katika kumbi za dansi ni mtoto wa vikwazo, na vikwazo ni mtoto wa uvamizi. Jina lililobaki kwenye kiatu ni moja tu.

Kwa watu wa pwani, anasa ya mguu si habari ya kigeni. Mtawanda, kiatu cha mti chenye msumari wa kushikwa kwa vidole viwili, ulimwinua bibi wa nyumba juu ya sakafu, na sauti yake ilitangulia kumtambulisha kabla hajaonekana. Mitawanda ya wenye nacho ilipambwa kwa fedha. Mafundi wa Siu, katika kisiwa cha Pate, walisifika kwa kazi ya ngozi, na makubadhi yalivaliwa kwa fahari mwambao mzima. Lakini pwani hiyohiyo ilijua pia maana ya kunyimwa kiatu. Mtumwa alikwenda pekupeku, na miguu mitupu ilikuwa alama ya hali yake. Hukumu ya utumwa ilipofutwa Unguja mwaka 1897, miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya walioachwa huru ni kuvaa yale waliyokatazwa. Kwao, kuvaa kiatu kulikuwa kutangaza kwamba mtu ni mtu.

Mlimani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kabla ya nguo za misafara kutoka Pangani na Mombasa kuenea, Wachaga walivaa ngozi. Ngozi ilikuwa vazi kabla ya kuwa bidhaa. Ng'ombe wa kihambani hafungwi porini. Hukaa ndani, hulishwa majani ya migomba, na nyasi zilizokatwa tambarare zikapandishwa mlimani kwa vichwa vya wanawake. Mnyama wa namna hiyo hakwaruzwi na miiba ya nyika. Wanawake waliobeba nyasi hizo, na mikungu ya ndizi siku za soko, walipanda na kushuka njia za utelezi kwa miguu yao wenyewe.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1933 kilianzishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU. Fedha za kahawa zilileta bati, ada za shule, na viatu vya Jumapili. Viatu hivyo havikushonwa mlimani. Vilipanda kwa reli ileile iliyoteremsha kahawa, na ngozi mbichi nazo zikateremka.

Baada ya Uhuru, taifa lilijaribu kuligeuza jambo hili. Viwanda vya umma vya kusindika ngozi vilijengwa Moshi, Mwanza na Morogoro. Dar es Salaam palikuwa na viatu vya Bora. Kisha likaja tumaini kubwa kuliko yote: kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, chenye uwezo wa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi kati yake zikikusudiwa kuuzwa Ulaya. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, bila njia za kupitisha hewa, katika mji wa joto. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Kilifungwa mwaka 1990, na hakuna jozi hata moja iliyofika Ulaya.

Kushindwa huko kwafaa kupimwa kwa mizani ya Florence. Ferragamo alianza na mguu mmoja wa mtu mmoja, dada yake, akapanda kutoka hapo. Morogoro ilianza na mamilioni ya miguu ya watu wasiojulikana. Wapangaji walinunua mashine, na mashine hazikosi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mvaaji ni nani na panamwuma wapi.

Moshi haikusahau kazi hiyo. Katika gereza la Karanga, ushonaji wa viatu uliendelea tangu miaka ya 1970. Baadaye Jeshi la Magereza liliungana na mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na mwaka 2020 Rais John Magufuli alizindua hapo kiwanda kipya kinachosindika ngozi na kushona viatu. Buti za askari na viatu vya wanafunzi ndiyo kazi yake iliyozoeleka. Ni kazi ya heshima, kwani mtoto aendaye shule na viatu imara amekwishakopwa sehemu ya safari. Tena, tangu mwaka 2003, serikali imetoza ushuru ngozi mbichi ziendazo nje, ili thamani ibaki nchini.

Hata hivyo, ushuru huzuia ngozi isiondoke. Hauwezi kuifanya iwe nzuri. Chapa ya moto ubavuni, kupe, na kisu kilichoteleza wakati wa kuchuna hubaki kwenye ngozi milele. Kiatu cha shule huvumilia kovu, ila ndara ya arusi hailivumilii. Safari ya kiatu cha anasa huanzia basi zizini na machinjioni, kwa watu ambao hakuna anayewaita wasanii.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Katika karakana ya gereza, mwenye mikono hana jina. Mfungwa hujifunza kukata, kuvuta ngozi juu ya kalibu na kushona soli, kisha siku ya kutoka huondoka na ujuzi katika vidole, huku kiatu kikibaki bila kumtaja. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ferragamo, mtoto wa mafukara aliyeifanya kazi iliyodharauliwa na kwao, alitunzwa kwa sababu aliachiwa kuandika jina lake. Malighafi ya Moshi ipo, mikono ipo, na wavaaji wapo tangu enzi za mtawanda. Kilichobaki ni kumruhusu fundi atoke na jina lake, ashone jozi moja kwa mguu mmoja anaoujua, akianza na mguu wa yule mwanamke aliyebeba nyasi kutoka tambarare.