Kufua, Kunyoosha na Kurudisha: Maneno ya Chuma katika Nchi ya Karagwe na Kyerwa

Kitenzi fua ni kimojawapo cha vitenzi vya Kiswahili vilivyo na kazi nyingi. Mwanamke hufua nguo, mpishi hufua nazi juu ya kifuo, na mhunzi hufua chuma juu ya fuawe. Kazi hizi tatu zaonekana kuwa mbali mbali, lakini ndani yake mna wazo moja: mkono hukipiga kitu si kwa nia ya kukivunja, bali kwa nia ya kukifikisha katika hali itakiwayo. Nguo yatoka taka, nazi yatoka makumbi, chuma chapata umbo. Tena kutokana na kitenzi hicho twapata mfua chuma, mfua fedha na mfua dhahabu, na jina fuawe lenyewe limezaliwa humo humo.

Lakini mtu akiingia leo katika gereji yo yote ya Kayanga, au ya Bukoba, au ya Dar es Salaam, hatalisikia neno hili. Mlango wa gari uliogongwa na kubonyea haufuliwi; hunyooshwa. Na baada ya kunyooshwa hupigwa puti, husuguliwa kwa msasa, kisha hupigwa rangi. Makala haya yanakusudia kuuliza jinsi kitenzi cha kale kilivyotoka katika kazi ya chuma, na kama kutoka kwake kumeleta hasara. Tumeichagua nchi ya Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine katika Tanzania ambapo habari za chuma zina kina kama huko.

Kwanza habari za kale. Upande wa mashariki wa mkoa huo huo wa Kagera, karibu na Ziwa Viktoria, chuma kilikuwa kikiyeyushwa tangu karne za mwanzo za enzi hii, na huenda kabla yake. Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 matokeo ya uchunguzi wao kuhusu tanuri za Buhaya. Walidai kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa moto kabla ya kuufikia mtapo, na kwa hiyo chuma kilichopatikana kilikuwa cha namna bora sana. Dai la hewa kupashwa moto limebishiwa na wataalamu wengine, na ubishi huo haujatuhusu hapa. La maana kwetu ni kwamba hakuna anayekana umri wa kazi yenyewe wala ustadi wa walioifanya.

Huko Karagwe chuma hakikuwa jambo la mafundi tu. Kilikuwa jambo la ufalme. John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Mukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina, akaeleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 vitu alivyoviona humo: bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki, na vyombo vya chuma ambavyo aliusifu utengenezaji wake. Mapokeo yamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa ndiye aliyekuwa fundi mkubwa wa chuma katika ukoo huo. Hamo Sassoon, aliyeandika mwaka 1983 juu ya alama za kifalme za nchi za maziwa makuu, aliviweka vitu vya Karagwe pamoja na vya majirani zake, akaonyesha jinsi mfalme, ng'ombe na mhunzi walivyofungamana katika fikira za watu wa huko. Twaweza kuongeza ushahidi wa Rwanda: kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, zilikutwa humo nyundo za chuma zilizowekwa pamoja naye.

Hapa lugha yatupa jambo la kutazama. Mnyambo wa Karagwe humwita mhunzi omuhesi, neno ambalo halina udugu wa wazi na mhunzi wa Kiswahili. Lakini chombo chake kina jina moja karibu nchi zote: Mnyarwanda husema inyundo, Mganda husema ennyondo, Mswahili husema nyundo. Maneno ya namna hii hayakuazimwa juzi. Yamerithiwa kutoka kwa lugha mama ya Kibantu. Tena nyundo ile nzito ya nchi za maziwa makuu ilifanya kazi mbili. Ilishikwa mkononi ikapiga, au ilisimikwa ardhini ikapigiwa. Ilikuwa nyundo, ikawa fuawe. Msomaji na alishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Kiswahili chenyewe kilifika Karagwe pamoja na biashara ya pwani. Kafuro, karibu na makao ya mfalme ya Bweranyange, palikuwa kituo cha wafanya biashara Waarabu na Waswahili, na Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa na nguvu huko Kazeh, alimsaidia Rumanyika katika ugomvi wake wa urithi na ndugu yake Rogero. Misafara hiyo ilileta nguo na shanga, na ilileta pia madini yaliyokwisha kufuliwa kwingine, nyaya za shaba nyeusi na za shaba nyeupe. Kwa hiyo lugha ya pwani haikuja Karagwe ikiwa lugha ya tanuri. Ilikuja ikiwa lugha ya bidhaa. Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipo mwanzo wa mambo yote yaliyofuata: fundi aliyepokea chuma kilicho tayari alihitaji maneno ya kukata, kukunja na kuunga, maneno ya kufua aliweza kuishi bila hayo.

Kisha likaja gari, na pamoja nalo bati. Neno hili lastahili kutazamwa kidogo. Bati kwa asili ya matumizi yake ni madini yale meupe laini, na tena ni karatasi ya chuma iliyopakwa madini ili isishike kutu. Sasa katika Kyerwa bati kwa maana ya kwanza hutoka ardhini. Limechimbwa huko tangu miaka ya 1920. Na katika gereji za nchi za ng'ambo, kabla ya puti za plastiki kuenea baada ya miaka ya 1950, mahali palipobonyea pakashindikana kunyooka palijazwa lehemu ya bati na risasi iliyoyeyushwa, kisha ikapigwa tupa hadi ikawa sawa na mwili wa gari. Hivyo nchi hii moja ina historia ya chuma kinachofuliwa, na tena ina madini ambayo yalitumiwa kuficha chuma kisichofulika.

Tofauti ya kufua na kuficha ndiyo kiini cha maneno yetu, na haiwezi kueleweka bila kuutazama mlango wenyewe. Bamba la nje la mlango wa gari lina unene wa kiasi cha milimita 0.7 au 0.8, na rangi yote iliyo juu yake, tabaka kwa tabaka, ni kama milimita 0.1 tu. Bamba hilo lilipopigwa chapa kiwandani lilipata mviringo mdogo, na mviringo huo ndio nguvu yake. Likigongwa na kitu butu, sehemu kubwa ya mbonyeo haijapoteza asili yake. Imezuiwa tu na ukingo mdogo uliokunjika pande zote. Fundi anayejua huondoa kava ya ndani ya mlango, au huingiza ufito wa chuma kupitia upenyo wa kioo, akaufikia mgongo wa bamba. Hasukumi katikati kwa nguvu. Huanza pembeni, akisukuma kidogo kidogo, na huku nje akigonga kwa kijiti butu mahali palipoinuka kupita kiasi. Jicho lake haliutazami mlango. Huutazama mstari wa mwanga unaoakisiwa juu ya rangi, kwani mstari ukipinda, bamba limepinda. Joto la kadiri husaidia, maana rangi iliyo baridi hupasuka upesi.

Mlango uliorudishwa hivi hauhitaji rangi mpya. Lakini kama bamba limekunjika kwa ncha kali, au limetanuka, au rangi imekwisha pasuka, kazi hiyo haifai. Chuma kilichotanuka kina eneo kubwa kuliko nafasi yake, na hakiwezi kulala tena. Na hapa ndipo penye hatari: fundi asiyejua, apigaye nyundo katikati ya mbonyeo huku nyuma kukiwa na chuma kigumu, hulitanua bamba yeye mwenyewe, akaigeuza kazi ya nusu saa kuwa kazi ya puti na rangi.

Husimuliwa kwamba ufundi huu ulianza mwaka 1960 katika maonyesho ya magari ya New York, ambapo Oskar Flaig, mtumishi wa Mercedes-Benz, alitumia mpini wa nyundo kuondoa mibonyeo ya magari yaliyoguswa-guswa na watazamaji. Masimulizi ya namna hii hupenda kumpa mtu mmoja kazi ya wengi. Hapana shaka kwamba wafua bati wa kila nchi walikuwa wakiirudisha mibonyeo kwa mkono kabla ya Flaig kuzaliwa. Kilichokuwa kipya ni kuilinda rangi.

Katika Karagwe na Kyerwa jambo hili si la anasa. Mvua huko ni nyingi, barabara nyingi ni za changarawe, na puti isiyofunikwa vyema hunyonya maji na kukificha kutu chini yake. Tena historia ya karibu imewafundisha watu kutunza kilichopo. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwaka 1978, daraja la Kyaka, lililo njia ya kwendea Karagwe, lilivunjwa. Na baada ya vita kwisha mwaka 1979 ilikuja miaka ya ukosefu wa fedha za kigeni, ambapo mlango mpya wa gari haukuweza kuagizwa. Mlango ulionyooshwa mara tatu ulinyooshwa mara ya nne. Baada ya biashara kulegezwa, tangu mwaka 1984, magari yaliyotumika yaliingia kwa wingi zaidi, na mabamba yake yakawa membamba kuliko yale ya zamani. Mkono uliozoea mabamba manene ulikuta chuma kisichostahimili pigo lile lile.

Wala hatudai kwamba fundi wa Kayanga ni mrithi wa omuhesi wa Bweranyange. Hakuna mnyororo kama huo, na mwenye kuutafuta atajidanganya. Tunadai jambo dogo zaidi, nalo ni la lugha. Kitenzi nyoosha, kama kitumiwavyo sasa, kimebeba kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kulipiga bamba kati ya nyundo na kipande cha chuma kilichoshikwa nyuma yake, hata likubali umbo. Hii ni kufua hasa, na kile kipande cha nyuma ni fuawe isiyo na jina. Ya pili ni kukivuta kilichopinda kiwe sawa, na hii ndiyo kunyoosha kwa haki yake. Ya tatu ni kuliondolea bamba kizuizi ili lirudi lenyewe lilikokuwa, na hii twapendekeza iitwe kurudisha. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayeambiwa "nyoosha mlango huu" hajaambiwa apige, avute au asukume. Na kama tulivyoona, akikosea kati ya la kwanza na la tatu hasara haiondoki.

Watakuwako watakaosema kwamba mafundi wana lugha yao na hawangoji kamusi. Ni kweli, wamekwisha fanya puti na gereji kuwa maneno ya Kiswahili bila ruhusa ya mtu. Lakini fuawe limo katika kamusi zetu tangu zamani, likielezwa kuwa ni chuma cha kufulia tu, kama kwamba kazi yake imekoma na mhunzi wa kijijini. Kipande kile cha chuma ambacho fundi bodi hukishika kwa mkono wa kushoto nyuma ya bamba, huku mkono wa kulia ukigonga, chafanya kazi ile ile. Na nyundo ya maziwa makuu, iliyopiga na kupigiwa, yatuonyesha kwamba fuawe haikulazimika kamwe kusimama ardhini. Maana hiyo ya pili yafaa iandikwe chini ya neno hilo, pamoja na mfano kutoka gereji.