Kiti, Mfuko na Kura: Mjadala wa Kurejea kwa Yusuf Manji Yanga, 2017–2019

Katika klabu za soka zinazomilikiwa na wanachama nchini Tanzania, mwenyekiti ni mtu aliyepewa mamlaka kwa kura, ilhali mfadhili ni mtu anayetoa fedha zake kwa hiari ili timu iendeshwe. Nafasi hizi mbili hazina uhusiano wa lazima, kwa kuwa mwenyekiti anaweza kuwa hana kitu mfukoni na mfadhili akawa hana hata kadi ya uanachama. Lakini zinapokutana kwa mtu mmoja, kama zilivyokutana kwa Yusuf Manji katika klabu ya Young Africans, yaani Yanga, kati ya 2012 na 2017, wanachama hupata taabu ya kuzitenganisha siku mtu huyo anapoondoka. Makala hii inadai kwamba mjadala uliozuka baada ya Manji kujiuzulu, ambao kwa karibu miaka miwili uliwagawa mashabiki, wanachama na viongozi, ulihusu mishahara kuliko ulivyohusu uongozi. Katiba ya klabu ilieleza namna ya kumpata mwenyekiti lakini haikueleza fedha zitoke wapi, na watu wakalitafutia swali la fedha jibu katika swali la kiti.

Mkanganyiko huo haukuanza na Manji. Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, ilikwisha kumtegemea Abbas Gulamali katika miaka ya 1990, kisha ikapasuka baina ya kundi lililojulikana kama Yanga Asili, lililotaka klabu ibaki mikononi mwa wanachama, na Yanga Kampuni, lililotaka iendeshwe kibiashara. Manji mwenyewe aliingia kama mfadhili miaka kadhaa kabla ya kugombea cheo. Njia ya cheo ilifunguka Mei 2012, Yanga ilipofungwa na watani wake, Simba, mabao 5-0 na mwenyekiti wa wakati huo, Lloyd Nchunga, akaachia ngazi kwa shinikizo. Julai ya mwaka huohuo uchaguzi mdogo ukamkabidhi Manji kiti. Katika miaka mitano iliyofuata Yanga ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara nne, tatu za mwisho zikiwa mfululizo, na makombe hayo ndiyo yaliyokuja kuwa hoja kuu ya waliotaka arejee.

Waliompinga nao walikuwa na kumbukumbu yao. Agosti 2016 mkutano wa wanachama uliridhia pendekezo la mwenyekiti la kuikodisha timu na nembo ya klabu kwa miaka 10, hatua iliyokwama baada ya mamlaka za michezo kuipinga. Kwa kundi hili, tukio hilo lilionyesha kile ambacho umoja wa kiti na mfuko unaweza kuzaa: wanachama waliokuwa na haki ya kukataa waliridhia kwa kauli moja mpango ambao wengi wao hawakuwa wamepata nafasi ya kuusoma kwa kina, kwa sababu aliyeuleta ndiye aliyekuwa akilipa. Hoja hiyo ni nzito, na wanaoipuuza kwa kutaja makombe hawaijibu.

Manji alijiuzulu Mei 2017. Makamu wake, Clement Sanga, akakaimu, na msimu uliofuata Simba ikatwaa ubingwa iliokuwa imeukosa tangu 2012, huku kocha wa Yanga, George Lwandamina, akiondoka Aprili 2018 kabla msimu haujaisha. Katika hali hiyo ndipo ulipofanyika mkutano mkuu wa Juni 2018, ambako wanachama walipoelezwa habari ya kujiuzulu kwa mwenyekiti wao walitamka kwamba hawaikubali barua yake na kwamba wanamtambua bado. Mkutano huohuo uliunda kamati ya mpito chini ya Tarimba Abbas, ambaye naye aliwahi kuiongoza klabu.

Kitendo hicho kinahitaji kupimwa kwa makini, kwa kuwa ndicho kiini cha jambo lote. Kisheria, kujiuzulu ni haki ya anayejiuzulu. Mkutano unaweza kumsihi abaki au kumchagua upya, lakini hauwezi kumlazimisha mtu kushika wadhifa alioukataa kwa maandishi. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilipotaka nafasi hiyo ijazwe kwa uchaguzi, na baadhi ya viongozi wa klabu, wakiwamo wajumbe wa baraza la wadhamini, wakashikilia kwamba mwenyekiti yupo, ukweli wa kikatiba ulikuwa upande wa TFF. Hata hivyo, wanachama wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona timu bingwa ikifika mahali pa kudaiwa malimbikizo ya mishahara, na waliponyoosha mikono kuikataa barua walikuwa wakituma ombi kwa njia pekee waliyokuwa nayo. Kosa lilikuwa kuligeuza ombi hilo kuwa azimio, kwa sababu azimio lisilotekelezeka liliifungia klabu mlango wa kumpata kiongozi mwingine.

Msimu wa 2018/19 ulitoa ushahidi ambao pande zote mbili hazikuutumia ipasavyo. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, alihimiza mashabiki wachangie timu, na utaratibu ukaitwa kutembeza bakuli, jina ambalo watani wao wa Simba walilishangilia na ambalo baadhi ya Wanayanga waliliona aibu. Lakini bakuli hilo lilisaidia kuifikisha timu nafasi ya pili. Zaidi ya hayo, lilidhihirisha pengo kati ya mwanachama, mwenye kadi na kura, na shabiki, ambaye hana kura lakini ndiye anayenunua tiketi na jezi. Waliotoa fedha zao mwaka ule wengi walikuwa mashabiki, na hakuna kifungu kilichowapa sauti katika swali la nani arejee. Anayestahili kuonewa fahari katika kipindi chote hiki ni mchangaji huyu asiye na kura.

Mfano wa Barcelona, klabu nyingine ya wanachama, unafaa kwa kulinganisha. Joan Laporta, rais wake kati ya 2003 na 2010, alirejea Machi 2021 kwa kushinda uchaguzi, na kabla ya kukabidhiwa ofisi alitakiwa na sheria ya Hispania kuweka dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki kufidia hasara itakayosababishwa na uongozi wake. Huko pia fedha zilifungamana na cheo, tena kwa namna iliyowabagua wasio na uwezo. Tofauti ni kwamba dhamana huilinda klabu dhidi ya kiongozi, ilhali ufadhili wa mtu binafsi usio na mkataba huiacha klabu bila kinga siku mtu huyo anapoamua kuondoka.

Manji hakurejea kitini, na mauti yalimkuta Juni 2024. Mei 2019 wanachama walimchagua Mshindo Msolla kuwa mwenyekiti, na mwezi uliofuata harambee iliyopewa jina la Kubwa Kuliko ikaligeuza bakuli kuwa tukio rasmi. Mwaka 2021 wanachama waliridhia mfumo wa asilimia 51 za hisa kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said kuwa rais wa klabu, cheo kilichochukua nafasi ya uenyekiti. Chini yake Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Hersi, hata hivyo, alitoka katika kampuni ya GSM, mdhamini mkubwa wa klabu, na kwa hiyo kiti na mfuko vimebaki jirani sana. Kinachokosekana bado ni kifungu kinachotenganisha wazi msaada, mkopo na uwekezaji wa kiongozi aliye madarakani, na kinachoweka ukomo wa siku ambazo kaimu anaweza kukaa kabla ya kura kupigwa.