Majaribio ya kisa cha kikao kimoja

Majaribio ya kisa cha kikao kimoja ni utaratibu wa kukichezesha kisa kipya cha mchezo wa kuigiza wahusika mezani mbele ya wachezaji halisi, kabla mwandishi hajakitoa kwa watu wengine, ili kupata mrejesho na kukirekebisha. Utaratibu huu hutumiwa na kampuni zinazochapisha michezo na pia na watu wanaoandika visa nyumbani kwa ajili ya marafiki zao. Kisa ambacho hakijawahi kuchezwa huwa na makosa ambayo mwandishi hayaoni, kwa sababu kichwani mwake kila kitu tayari kinaeleweka.

Kisa cha kikao kimoja

Katika mchezo wa kuigiza wahusika mezani, wachezaji wachache huketi pamoja, kila mmoja akiongoza mhusika wake, na mtu mmoja huwa msimamizi wa mchezo. Msimamizi hueleza mahali na matukio, huigiza watu wote wengine wa hadithi, na huamua matokeo kwa kufuata kanuni na mara nyingi kwa kurusha dadu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974.

Michezo mingi huendelea kwa miezi au miaka, kundi lilelile likikutana tena na tena. Kisa cha kikao kimoja ni tofauti: huanza na kumalizika siku hiyohiyo, kwa kawaida ndani ya saa tatu au nne. Mara nyingi wahusika huwa wameshaandaliwa na mwandishi, kila mmoja na karatasi yake, ili muda usipotee katika kuwaunda. Tofauti hii ndiyo inayofanya majaribio kuwa ya lazima zaidi kwa kisa kifupi kuliko kwa kirefu. Katika mfululizo mrefu msimamizi aliyekosea leo anaweza kusahihisha wiki ijayo. Katika kikao kimoja hakuna wiki ijayo. Wachezaji wakikwama kwenye mlango wa pili, usiku wao umekwisha hapo.

Historia

Mrejesho wa wachezaji ulikuwepo kabla ya mchezo wenyewe kupata jina. Mwaka 1969, mjini St. Paul katika jimbo la Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo wa vita uliowekwa katika mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Braunstein, wakati wa vita vya Napoleon. Wachezaji walikuja wengi kuliko alivyotarajia, hivyo akawapa waliozidi nafasi za watu wa mjini badala ya majeshi. Wachezaji walianza kupanga njama wao kwa wao na hata kutaka kupigana ana kwa ana, mambo ambayo kanuni zake hazikuyatazama. Wesely aliamini kwamba mchezo umeharibika. Wachezaji waliomba urudiwe. Mmoja wao, Dave Arneson, aliendeleza wazo hilo katika mchezo wake wa Blackmoor, na mwishoni mwa mwaka 1972 akauonyesha kwa Gygax huko Lake Geneva, Wisconsin. Tukio la Braunstein hutajwa mara nyingi kuonyesha kuwa mwandishi si hakimu mzuri wa kazi yake, hata anapoihukumu kwa ukali.

Visa vya kikao kimoja vilikua hasa kupitia mashindano ya kwenye mikutano ya wapenzi wa michezo. Gygax alitumia Tomb of Horrors katika mkutano wa Origins mjini Baltimore mwaka 1975, wachezaji wakipewa wahusika walioandaliwa. Kabla ya hapo alikuwa amekijaribu na wachezaji wa kundi lake. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Robert Kuntz aliingia kaburini akiwa na mhusika wake Robilar na kundi la watumishi, akawatanguliza watumishi hao kwenye mitego ili wafe wao badala yake. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1978. The Hidden Shrine of Tamoachan, kilichochezwa Origins mwaka 1979 na kuchapishwa mwaka uliofuata, kilitolewa pamoja na wahusika wake na utaratibu wa kutoa alama. Mashindano yalikuwa na faida ambayo mwandishi wa nyumbani hana: meza nyingi zilicheza kisa kimoja kwa wakati mmoja, chini ya wasimamizi tofauti. Palipokwama meza moja pangeweza kuwa bahati mbaya tu. Palipokwama zote palikuwa na kasoro ya maandishi.

Mwandishi akiwa mezani

Jaribio la kwanza kwa kawaida husimamiwa na mwandishi mwenyewe, na wachezaji ni rafiki zake. Ni jaribio rahisi kuandaa, lakini lina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kwamba mwandishi huziba mapengo bila kujua. Mchezaji akiuliza jina la mke wa mlinzi wa mnara, mwandishi hujibu papo hapo, ingawa jina hilo halimo kwenye karatasi. Wachezaji wakielekea upande usiotarajiwa, huwarudisha kwa sentensi moja. Mwisho wa kikao kila mtu anasema kisa ni kizuri, kumbe kilichosifiwa ni ustadi wa msimamizi. Dawa yake ni kuandika. Kila mara mwandishi anapobuni jambo ambalo halimo kwenye maandishi, huweka alama pembeni. Alama hizo ndizo orodha ya mambo yanayokosekana.

Mtego wa pili ni adabu. Mtu aliyekaribishwa nyumbani, akapewa chai na kuchekeshwa saa tatu, hataki kumvunja moyo mwenyeji. Atasema alifurahi, na pengine ni kweli, kwa kuwa alifurahia kuwa na rafiki zake. Ndiyo maana swali la kama wachezaji wamependa kisa huzaa jibu lisilosaidia kitu. Maswali yanayofaa ni yale yanayouliza kilichotokea badala ya hisia kwa jumla: ni wakati gani mchezaji hakujua afanye nini, alidhani nani ndiye mkosaji, na kwa nini, ni kitu gani kwenye karatasi ya mhusika wake hakukitumia hata mara moja, alitazama simu yake lini. Swali moja lenye nguvu sana ni kumwomba mchezaji asimulie upya hadithi kwa maneno yake. Anachokiacha ni kile ambacho hakikumfikia.

Yanayoonekana mezani hushinda yanayosemwa. Mtu anaweza kusema pambano lilikuwa la kusisimua, lakini kama alikuwa akichora kwenye karatasi hadi zamu yake ifike, mchoro huo ni mrejesho wa kweli zaidi.

Jaribio bila mwandishi

Jaribio zito zaidi ni lile ambalo mwandishi hukabidhi maandishi kwa msimamizi mwingine, kisha hanyanyui mdomo. Akiruhusiwa kuwepo, hukaa kando na kunyamaza hata pale anapoona msimamizi ameelewa vibaya. Waandishi wengi husema hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na wengi huiruka, jambo ambalo huonekana wazi katika visa vingi vinavyotolewa bure.

Hapa kinachopimwa ni karatasi. Je, msimamizi alilazimika kurudi nyuma kurasa tatu kutafuta nguvu za dubwana katikati ya pambano? Je, siri kuu ya kisa imeandikwa mwanzoni, au msimamizi aliigundua ukurasa wa tisa kama msomaji wa riwaya ya upelelezi? Kosa hili la pili ni la kawaida kwa watu waliozoea kuandika hadithi: huficha siri kwa ajili ya kushtua, wakati mtu anayeisoma ndiye anayepaswa kuijua kwanza.

Muda

Kasoro inayojitokeza zaidi katika visa vya kikao kimoja ni urefu. Mwandishi hupanga matukio sita kwa saa tatu, na wachezaji humaliza mawili. Mfano: kisa kinahusu mlinzi wa mnara wa taa aliyetoweka, na katika tukio la kwanza yupo muuza samaki sokoni aliyewekwa kupamba mahali tu. Wachezaji humshuku, humfuata nyumbani, hukagua matenga yake, na saa moja imepita. Katika majaribio mtu huandika saa kila tukio linapoanza na kuisha. Baada ya vikao viwili au vitatu huonekana tukio lipi linavuta muda siku zote na lipi linaweza kuondolewa bila hadithi kukatika. Waandishi wenye uzoefu huacha tukio la aina hiyo katikati likiwa na maelezo kwamba laweza kurukwa, ili msimamizi aliyechelewa afike mwisho.

Kasoro nyingine ya kawaida ni kisa cha upelelezi kinachotegemea kidokezo kimoja. Kikikosekana, kwa mfano kwa sababu ya dadu mbaya, kila kitu husimama. Justin Alexander, mwandishi wa Marekani, alipendekeza kanuni inayofuatwa na wengi: kwa kila jambo ambalo wachezaji wanapaswa kuligundua, kuwe na angalau vidokezo vitatu. Majaribio huonyesha haraka kwamba kidokezo ambacho mwandishi anakiona kiko wazi kama jua, wachezaji hukipita bila kugeuka.

Mrejesho wa kusoma tu

Kwa kuwa kukusanya watu wanne au watano ni kazi, waandishi wengi huomba watu wasome kisa bila kukicheza. Msomaji anaweza kugundua lugha isiyoeleweka, ramani isiyolingana na maelezo, au kanuni iliyonukuliwa vibaya. Hawezi kusema kama kisa kinachezeka, wala kitachukua muda gani. Anayeomba msaada huu hupata majibu bora akieleza anachotaka kujua, kisa ni cha wachezaji wangapi na kwa mchezo gani. Mswada wa kurasa thelathini uliotumwa bila swali lolote kwa kawaida hurudi na masahihisho ya tahajia, au haurudi kabisa.

Kupokea na kurekebisha

Wachezaji ni mashahidi wazuri wa tatizo na waganga wabaya wa tatizo hilo. Mchezaji anayesema dubwana la mwisho lipunguzwe nguvu huenda aliumia kwa sababu hakujua angeweza kukimbia; tiba ni mlango unaoonekana, nguvu zikibaki zilezile. Kwa sababu hiyo mwandishi huandika malalamiko yote, lakini ushauri huupima. Lalamiko la mtu mmoja husubiri. Likirudiwa na kundi la pili lisilolijua la kwanza, hurekebishwa. Kubishana na mjaribu, au kumweleza alichopaswa kuelewa, hufunga mdomo wake na wa wenzake.

Majaribio ya umma

Kampuni kubwa zimefanya jambo hili kwa maelfu ya watu. Wizards of the Coast ilianza majaribio ya toleo la tano la Dungeons & Dragons tarehe 24 Mei 2012, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kinawashukuru wapenzi zaidi ya 175,000 walioshiriki. Mwaka 2018 kampuni ya Paizo, katika kuandaa toleo la pili la Pathfinder, ilitoa Doomsday Dawn, kitabu cha sehemu saba ambacho kila sehemu ililenga kupima upande fulani wa kanuni, ikifuatwa na dodoso. Hapo kisa chenyewe kilikuwa chombo cha kupimia, kinyume cha hali ya mwandishi wa nyumbani.

Visa vinavyochapishwa kwa kawaida huwa na orodha ya majina ya waliovijaribu, mara nyingi kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na mwandishi na mchoraji. Waandishi wa visa vya bure hufuata desturi hiyohiyo, baada ya kuwauliza wahusika kama wanakubali majina yao yatajwe.