Kola, Tanzi na Hatamu

Ukiingia duka la vifaa vya wanyama ukaulizia kitu cha kumfundishia mbwa utii, muuzaji huenda akakuletea "kola ya mafunzo". Jina hilo halisemi lolote. Kinachouzwa chini yake chaweza kuwa mkanda wa ngozi usiomuumiza mbwa, mnyororo unaomkaba, au kifaa cha betri kinachompiga shoti. Muuzaji akiulizwa tofauti hutaja ukubwa na bei, na mnunuzi huondoka na kile kinachong'aa zaidi.

Mkorogo huu hauna sababu ya kuwapo katika Kiswahili, maana maneno ya kuvitenganisha vifaa hivi tunayo. Tuanze na kola yenyewe. Wapo wanaopendelea ukosi, ila ukosi umekaa kwenye shati na kanzu, na sijamsikia mfugaji akisema mbwa wake kapoteza ukosi. Kola imeshazoeleka, iachwe. Lakini ibaki kwa kitu kimoja: mkanda bapa wa ngozi au nailoni, wenye bizimu, ambao haubani wala haulegei mbwa anapovuta. Kazi yake ya kwanza ni utambulisho. Hapo ndipo panaponing'inizwa kibati chenye namba ya simu ya mwenye mbwa, na katika kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa nchini Tanzania mbwa waliochanjwa wamewahi kuvishwa mikanda ya rangi ili wajulikane. Ikivaliwa vizuri, vidole viwili hupita kati ya kola na shingo. Vikipita vinne, mbwa atajichomoa siku utakapomhitaji sana.

Kifaa cha pili ndicho chenye maneno mengi. Ni mnyororo wenye pete kila ncha. Mnyororo hupitishwa ndani ya pete moja, kamba hufungwa kwenye pete nyingine. Mbwa akivuta, au akivutwa, duara hujibana. Wauzaji hukiita mnyororo wa mafunzo. Mtega ndege yeyote angekiita tanzi, naye angekuwa sahihi, kwa kuwa hakina kikomo cha kubana isipokuwa shingo yenyewe.

Tanzi lina historia ndefu. Konrad Most, ofisa wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1910 mwongozo wa kufundisha mbwa uliojengwa juu ya kulazimisha, na mtindo huo ukaenea katika mbwa wa polisi na wa jeshi. Marekani, William Koehler alitoa kitabu chake mwaka 1962, na wakufunzi wengi walilelewa nacho. Waingereza walimwona Barbara Woodhouse akitumia mnyororo huo katika televisheni ya BBC mwaka 1980, akawa maarufu kuliko mbwa aliowafundisha.

Hoja yao haikuwa ya kijinga. Tanzi halikukusudiwa kukaba mfululizo. Mkufunzi hustua kamba mara moja, mbwa akarudi mahali pake, tanzi likalegea papo hapo. Ule ulegevu ndio somo. Kwa hiyo hata namna ya kulivisha ina kanuni: mbwa anayetembea kushoto kwako, ukisimama ukimtazama usoni, tanzi lichore herufi P kabla hujampitisha kichwa. Likigeuzwa, mnyororo hukwama kwenye pete na haulegei hata kamba ikilegezwa. Hebu tazama mbwa wanaopitishwa barabarani asubuhi: kamba imekazwa mwanzo wa safari hadi mwisho, mbwa anakoroma, mwenyewe anakokotwa. Hakuna ulegevu, basi hakuna somo. Mbwa huyo anajifunza tu kwamba kutembea ndiyo kukabwa.

Lipo tanzi la heshima zaidi, nami naliita tanzi lenye kikomo. Lina vitanzi viwili, kikubwa cha shingo na kidogo cha kamba. Kidogo kikivutwa, kikubwa hubana hadi kipimo kilichowekwa, basi. Linawafaa mbwa wembamba wa mbio, ambao kichwa chao hakizidi shingo na kola ya kawaida huwavuka masikioni.

Kola ya meno, yenye ncha za chuma zinazochoma shingoni, na kola ya umeme hazihitaji maelezo marefu. Majina yake yakitajwa kwa ukweli hujieleza. Wales ilipiga marufuku kola ya umeme mwaka 2010, na Ujerumani ikakataza kola ya meno katika mafunzo kuanzia mwaka 2022.

Halafu kuna kile kinachozunguka pua na kisogo, chenye pete chini ya kidevu. Hiki tusikitafutie jina jipya: ni hatamu. Ya farasi na ya mbwa hazitofautiani kwa kanuni, kwani kichwa kikielekezwa, mwili hufuata. Roger Mugford wa Uingereza alitengeneza yake, Halti. Huko Minnesota, R. K. Anderson na Ruth Foster wakabuni Gentle Leader miaka ya 1980. Wapita njia hudhani ni kifunga kinywa, kumbe mbwa aliyevaa hatamu anakula, anabweka na akitaka anauma. Ila isistuliwe kama tanzi, wala isifungwe kwenye kamba ndefu: mbwa akichomoka mbio, shingo itapindwa ghafla.

Cha mwisho ni mkanda wa kifua. Pete ikiwa mgongoni, mbwa huvuta kwa raha zake, ndiyo maana wanaokokota sleji huvalishwa mfano wake. Pete ikiwa mbele ya kifua, akivuta hujikuta amegeuka kukutazama. Mfano mzuri wa matumizi yake uko Morogoro, tena si kwa mbwa. Panya buku wa shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini wakiwa wamevaa mikanda midogo iliyounganishwa na kamba. Kamba huwaongoza wasitoke kwenye mstari. Kufundisha kunafanywa na mlio mfupi unaofuatwa na kipande cha ndizi au karanga. Hakuna panya anayekabwa, na kazi inafanyika.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, walijaribu kola za aina mbalimbali kwenye shingo ya bandia, na hawakupata hata moja ambayo ingekuwa salama kwa mbwa anayevuta. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani kilishauri mbwa wote wafundishwe kwa kutuzwa.

Basi kwa mbwa anayeanza masomo, nunua kola bapa kwa ajili ya kibati, mkanda wa kifua wenye pete ya mbele kwa ajili ya kamba, na ujaze mfuko vipande vya nyama. Mbwa mkubwa anayekushinda nguvu avalishwe hatamu, baada ya kuzoeshwa pole pole kwa siku kadhaa. Tanzi liache dukani. Nanyi watunga kamusi, "kola ya mafunzo" msiiingize. Andikeni tanzi, hatamu na mkanda wa kifua, kila kimoja na maana yake.