Lugha ya Picha katika Kiolesura cha Kompyuta

Kabla ya miaka ya 1980, aliyetaka kuitumia kompyuta kwa kawaida aliiandikia amri, na kosa la herufi moja lilitosha kuibatilisha amri nzima. Mtumiaji alikuwa, kwa hakika, mwanafunzi wa lugha ya kigeni.

Mabadiliko yalianzia katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, kilikobuniwa kompyuta ya Alto mwaka 1973. Mwaka 1981 kampuni hiyo iliuza Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya ofisi, chenye picha za nyaraka na majalada. Apple ilipotoa Macintosh mwaka 1984, ikoni zake nyingi zilikuwa kazi ya msanii Susan Kare. Alizichora kwenye karatasi ya miraba, nukta 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe tu. Ufinyu huo ulimlazimu kubakiza kile tu kilichobeba maana.

Hata hivyo, picha haijielezi yenyewe. Kama neno, hupata maana kwa makubaliano. Katika Macintosh, kuburuta faili hadi kwenye kapu la taka kulikuwa hatua ya kulifuta. Kuburuta disketi hadi kapu lilelile, kinyume chake, kuliitoa mashineni bila kufuta chochote. Wengi waliingiwa na hofu ya kupoteza kazi zao. Mwanaisimu atautambua utata huo: neno “kaa” huweza kuwa mnyama wa pwani, kipande cha moto au amri ya kuketi, lakini muktadha humwongoza msikilizaji. Kapu lile halikuwa na muktadha wa kutosha. Katika Mac OS X, iliyotolewa mwaka 2001, kapu hugeuka kuwa alama ya kutoa pindi diski inapoburutwa.

Suala hili linakihusu Kiswahili pia. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hufasiri maneno, lakini picha huachwa zilivyo. Ndiyo maana kijana asiyewahi kushika disketi bado hubonyeza picha yake ili kuhifadhi andiko. Kwake hiyo ni sitiari mfu: umbo limebaki, asili imesahaulika. Waundaji wa istilahi za Kiswahili, basi, wamerithi si msamiati tu, bali pia meza ya ofisi ya watu wengine. Na kuichunguza meza hiyo ni sehemu ya kazi ya tafsiri.